Wageni wanataka kuja kujitolea Juni na shule imefungwa, tuwajibu nini?

mkorosho_mmoja
Wakuu habari zenu. Niko kamati ya shule ya msingi huku Tandahimba, shule siitaji. Kuna kijana wetu alifanya kazi hotelini Mikindani akajuana na mama mmoja wa Uingereza, sasa mama na wenzake kumi wanataka kuja wiki tatu wafundishe Kiingereza na kupaka rangi madarasa mawili, rangi wananunua wenyewe. Shida wamepanga katikati ya Juni, wengi wao ni wanafunzi wa chuo na ndo wanafunga. Sasa na sie tumefunga, na Juni ya huku mnaijua, wavulana jandoni mabinti unyagoni, darasani utamkuta nani? Mwalimu mkuu anasema watoto waitwe tu, mgeni baraka. Mi roho inasita. Na kinachotuuma hata sio rangi, ni nyumba ya mwalimu, anapangiwa mtu huku anaripoti anaangalia pa kulala, hapohapo anaanza kutafuta uhamisho. Tukikataa si tutakosa hata hiyo rangi?

BintiMwera
Kaka thubutu kuwatoa watoto jandoni uone wazee watakachokufanya 😂
Mi nafundisha la tatu Ruangwa, nina watoto 90 na kitu. Walikuja vijana wawili hivyohivyo, nyimbo, picha, maputo, walivyoondoka watoto wananiuliza madam utacheza na sisi lini, nikajiona mi ndo mbaya. Ila mwaka uliofuata alikuja dada mmoja ambaye kwao ni mwalimu kweli, huyo darasani hakuingia sana, jioni tunakaa barazani tunakata maboksi ya biskuti tunaandika silabi za kusomea. Zile kadi mpaka leo natumia. Waambieni walete walimu.

babu_wa_Masasi
Wajukuu, hawa wa kujitolea tumeanza kuwaona zamani, Peace Corps ya Marekani iliingia nchini 1961. Mimi nilifundisha sekondari na kijana wao mmoja wa Fizikia, alikaa miaka miwili, Kiswahili alikijua mpaka matusi na ming'oko alikula kutushinda sisi tuliozaliwa nayo, watoto wakaanza kulipenda somo. Akamaliza muda akaondoka na Fizikia ikaondoka naye, kwa sababu sisi wenyeji hatukumwekea mtu pembeni wa kujifunza kwake na yeye hakuulizwa, basi kidato cha nne wakabaki wanasoma madaftari ya kaka zao. Kwahiyo hata huyo wa miaka miwili muulize akiondoka nani anashika chaki.

kijana_nangurukuru
Shikamoo babu. Mkuu kabla ya yote barua ipite kwa afisa elimu kata iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, na hao wageni wawe na kibali cha Uhamiaji cha kujitolea, viza ya matembezi hairuhusu. Kuna sehemu walifika bila hicho, siku ya nne wakafunga mabegi, rangi ikagandia ndooni. Hela nayo iingie akaunti ya shule, sio kwenye simu ya mtu. Halafu piga hesabu, nauli ya watu 11 kutoka Ulaya ukiigeuza saruji na nondo hiyo nyumba si inafika lenta kabisa?

mkorosho_mmoja
Mrejesho. Tulikaa kikao, kilikuwa kirefu na nusu yake tulibishana kuhusu rangi. Tukamwandikia mama kwamba waje walimu tu, wasizidi wanne, waje shule ikiwa wazi, na wasiokuja kama wanapenda wachangie bati. Sisi tunafyatua tofali, na minada ya korosho ikianza Oktoba kila mkulima akatwe kidogo kwa kilo pale chama cha msingi. Amejibu, vijana watatu wameudhika wamejitoa, ila kumbe yeye mwenyewe ni mwalimu mstaafu, anakuja Septemba na mwenzie mmoja. Mwalimu mkuu salamu yake sasa hivi ni ya mbali. Mwl BintiMwera nitakutafuta kuhusu zile kadi. Na kama kuna mtu ana ramani ya nyumba ya walimu ya familia mbili ambayo halmashauri yake ilishaipitisha naomba anitumie, fundi wetu yuko tayari ila anachora kwenye mchanga.