Mrejesho: lile bwawa lililogeuka kijani

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini bwawa letu limekuwa kijani na samaki wanakufa, tena nilishataka kununua dawa ya kuua mwani, yaani vile vimea vidogo vinavyoyafanya maji kuwa kijani. Asanteni mlionizuia. Mlisema mwani ukifa wote kwa mpigo utaoza na kumaliza oksijeni iliyobaki, nami nitaokota samaki kwa ndoo.

Nikaamka alfajiri kama mlivyonielekeza. Kweli, samaki walikuwa wamejaa juu, midomo nje, wanahema. Mchana hakuna hata mmoja. Kumbe usiku mwani hautengenezi oksijeni, unaitumia tu, ndiyo maana kabla ya jua kuchomoza hali huwa mbaya zaidi.

Kisha nikafuatilia maji ya mvua yanapotokea. Aibu yangu: yalikuwa yanapita kwenye lundo langu mwenyewe la samadi! Majirani nimewalaumu bure. Nimelihamishia ng'ambo ya mteremko, na ukingoni nimeacha nyasi zikue upana wa hatua tano hivi, zichuje tope na mbolea. Mke wangu anasema pamekuwa pori. Na pawe.

Huu ni mwezi wa tano tangu nilihamishe lundo. Maji hayajatakata; fosforasi, kirutubisho cha samadi kinacholisha mwani, iliyolala kwenye tope la chini haiondoki leo wala kesho. Ila kijiti cheupe ninachopimia uwazi wa maji, kilichokuwa kinapotea kwenye kina cha kiganja, sasa nakiona hadi kiwiko. Kereng'ende nao wamerudi.

Aliyenishauri nipandikize samaki wageni ili waule mwani, samahani, hiyo sijaifanya.