Mbwa wa Mama Mholanzi

*FAMILIA YA UYOLE*

*Mama Neema:* Shikamoo Mama, shikamooni wakubwa wote. Yule mama Mholanzi wa hapa Forest mkataba wake unaisha, anarudi kwao mwezi ujao. Anatafuta familia ya kumwachia mbwa wake. Jike, miaka mitatu. Ni Labradoodle, yaani Labrador kachanganywa na Poodle. Neema kampenda mpaka anamuota usiku. Mwenyewe anasema hamwagi manyoya, hata mwenye aleji anakaa naye. Mnaonaje?

*Bibi:* Marahaba. Mjukuu wangu ana pumu. Mbwa wa ndani ya nyumba?

*Shangazi Tumpe:* Ndiye huyu wa kwenye picha? Kama kondoo jamani 😍

*Baba Neema:* Mimi swali langu moja. Analinda?

*Lusajo:* Shikamoo Bibi, shikamooni wote. Baba mdogo, huyo si wa kulinda. Labrador na Poodle wote wamefugwa miaka mingi kuwaokotea wawindaji ndege waliopigwa, Poodle hasa bata wa majini. Wanapenda watu na wanafundishika haraka. Atabweka geti likigongwa, basi. Ulinzi mwachieni koko wenu, anaiweza kazi yake.

*Bibi:* Lusajo, wewe ndiye unayesomea mifugo hapo chuo cha SUA. Niambie habari ya pumu.

*Lusajo:* Bibi, hapo ndipo naomba tusikimbilie. Mbwa asiyeleta aleji kabisa hayupo. Kinachomsumbua mtu ni protini zilizo kwenye mate ya mbwa na kwenye magamba madogo ya ngozi yake. Unywele unazibeba tu. Kwa hiyo hata asiyemwaga manyoya akikulamba, umezipata.

Hii mbegu yenyewe ilianzia hapohapo kwenye aleji. Australia, miaka ya 1980, chama cha mbwa waongozaji wa wasioona kilipata ombi la mama asiyeona wa Hawaii ambaye mume wake ana aleji ya mbwa. Mfugaji wao, Wally Conron, akajaribu Poodle wengi wakamshinda kwa ile kazi. Mwishowe akapandisha Labrador na Poodle mkubwa, wakazaliwa watoto watatu mwaka 1989. Yule mume akapimwa kwa manyoya na mate yao. Kati ya watatu, ni mmoja tu ambaye hakumsumbua, aliitwa Sultan.

Tumbo moja, mama mmoja, baba mmoja, na bado wawili walimsumbua! Sasa jina la mbegu litamhakikishiaje Neema?

*Mama Neema:* Mh. Hili sikulijua.

*Lusajo:* Conron mwenyewe mwaka 2019 alisema anajuta, maana watu walianza kuzalisha ovyo kwa ajili ya pesa bila kupima nyonga wala macho ya wazazi. Muulizeni huyo mama kama wazazi wa mbwa wake walipimwa.

*Anko wa Iringa:* Kamwene familia. Na hayo manyoya nani atayahudumia? Yasipomwagika yanaendelea kukua.

*Lusajo:* Umelenga, Anko. Yanakua kama nywele zetu. Kuchana hadi kwenye ngozi mara kadhaa kwa wiki, kunyoa kila baada ya wiki sita hivi. Ukiacha, yanajisokota mafundo yanayovuta ngozi, anaumia kila akitembea. Na Mbeya mvua zikianza Novemba, na tope letu hili! Masikio pia yamelala na yana nywele ndani, yakibaki na maji yanaoza. Kuyakausha kila akiloa.

*Shangazi Tumpe:* Kunyoa naweza, mashine ya saluni ninayo. Nifundisheni tu.

*Lusajo:* Shangazi, tafuta mashine yake peke yake, na umzoeze sauti kwanza. Msimpe mabaki yenye vitunguu, ni sumu kwake. Chokoleti na zabibu pia.

*Baba Neema:* Huyu anaweza kufika miaka kumi na mitatu. Neema atakuwa chuo.

*Bibi:* Basi mtoto asiahidiwe kitu. Apelekwe kwanza akakae naye.

*Lusajo:* Ndivyo, Bibi. Lakini daktari wake aulizwe kwanza. Akikubali, aende mara kadhaa siku tofauti, akae ndani mle mbwa anamolala. Dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni. Akianza kukohoa au kubanwa, mtoeni hapohapo.

*Mama Neema:* Kesho nampigia daktari. Nitaomba pia kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa niitume hapa Lusajo uisome.

*Shangazi Tumpe:* Mkienda nipitieni Mwanjelwa.