Steringi hafi: gumzo la ukoo

Shangazi: Assalam alaikum wanangu. Jana nimemaliza msimu wa kwanza wa Prison Break, ile tamthilia ya Kimarekani ya kijana Michael anayejifungisha gerezani ili amtoroshe ndugu yake. Yule mfungwa mchafu amekatwa mkono kwa shoka nikiwa na kikombe cha chai, nusura nijiunguze.

Zuhura: Waalaikum salaam, shikamoo Shangazi 😂 Huyo ni T-Bag.

Shangazi: Marahaba. Tibagi, Tibegi, mimi namwita mchafu. Mkono ule ulikuwa unamstahili kukatwa tangu CD ya kwanza.

Mama Nuru: Nyumba hii hatulali. Juzi wako mbioni kwenye ile nyasi, ndege inataka kuondoka, umeme huo ukakata. Mama akasema haendi mtu kitandani mpaka urudi. Ulirudi saa saba usiku!

Kaka Idi: Alhamdulillah CD zimecheza. Nilikuwa na wasiwasi, nimezinunua huku Marekani.

Mama Nuru: Mwanzo zilikataa binamu. Deki yetu ikaandika kitu kama "si ya eneo hili" ikatema.

Mjomba: Kawaida. DVD zina namba za maeneo. Marekani ni 1, sisi huku Afrika Mashariki ni 5. Deki yenye adabu inasoma ya kwao tu. Tafuteni ya Kichina, zile hazibagui.

Mama Nuru: Ndiyo tuliyoazima kwa jirani Mjomba. Jirani mwenyewe sasa anakuja kila usiku kuangalia "deki yake inaendeleaje".

Mjomba: 😂😂 Mwambie alete na karanga.

Zuhura: Sasa Shangazi ndo unaingia msimu wa pili. Weka leso karibu maana huko mbele Michael mwenyewe

*Zuhura amefuta ujumbe*

Baba Mkubwa: Zuhura!

Kaka Idi: Wewe mtoto wewe.

Mjomba: Enzi za kibanda changu mteja wa namna hii nilikuwa namtoa nje. Mtu anakodi CD kwa hela yake, wewe umekaa kwenye benchi unamsimulia mwisho.

Zuhura: Nimefuta! Nimefuta mapema!

Shangazi: Nimeusoma. Mnahangaika bure. Najua anakufa.

Zuhura: Nani kakwambia??

Shangazi: Nilimuuliza Nuru siku ile ile, kabla hata CD haijaingia kwenye deki. Nikamwambia niambie moja tu, huyu kijana mwenye michoro anakufa au hafi? Akasema bibi anakufa mwishoni kabisa. Nikamwambia haya, washa. Mimi mtu wa presha, sikai mbele ya kitu kisha mwisho wake uje unishtukie.

Zuhura: Sasa raha iko wapi Shangazi? Si ni kama kuangalia mpira wa jana?

Shangazi: Raha iko kwenye bomba.

Zuhura: Bomba lipi?

Shangazi: Lile chini ya zahanati. Kijana kakaa wiki nzima anadondosha dawa kwenye tundu la maji ili bomba lioze. Kachimba, kamhonga huyu, kamdanganya yule, ndugu yake anangoja kiti cha umeme. Usiku wanafika wote na kamba zao, wanakuta bomba limebadilishwa! Jipya linang'aa! Mimi najua watatoka, si naona CD zimebaki chungu nzima, hawawezi kukaa humo zote. Lakini nilisimama. Mikono kichwani. Mwisho wake ninao, njia ndiyo siijui.

Kaka Idi: Hapo Shangazi ndipo pabaya kuliko pote. Huku walipoonyeshwa bomba hilo ilikuwa mwisho wa Novemba 2005, kisha kituo kikaipumzisha tamthilia. Iliporudi hewani ni Machi 2006. Watu wamelala na bomba lile Krismasi nzima.

Mama Nuru: Mama aliingoja dakika mbili, muda wa kubadilisha CD.

Mjomba: Wateja wangu hata hizo dakika mbili hawakuwa nazo. Kulikuwa na zile diski zimebanwa, msimu mzima kwenye moja, picha imefifia, maandishi ya chini yanasema mambo yake. Mtu anasema "ndugu yangu", chini wameandika "kuku wangu". Watu wakaangalia hivyo hivyo wakalia. Alfajiri unasikia mlango, ngo ngo ngo, Mjomba tupe inayofuata, hatujalala.

Baba Mkubwa: Mimi niliiona wakati huo, nikiwa bado kazini magereza. Tuliiangalia askari sita kwenye nyumba ya mwenzetu, na hatukuwa tunamwangalia mfungwa. Tulikuwa tunawaangalia askari.

Shangazi: Kaka hebu sema. Inawezekana?

Baba Mkubwa: Mengi ni ya sinema. Gereza ni hesabu. Unahesabu lokapu inapofunguliwa, unahesabu wakitoka kazini, unahesabu kabla ya kufunga. Hesabu ikipungua mtu mmoja hakuna anayekwenda nyumbani. Yule kijana anakuwa nyuma ya ukuta saa nzima na mwenzake ametundika shuka tu. Wapi!

Mjomba: Shemeji unatuharibia 😂

Baba Mkubwa: Ngoja nimalize. Pana mahali mwandishi alijua anachokisema. Kijana anataka muda mrefu wa kutoboa ukuta, na hesabu zinamkatisha. Anafanya nini? Anazima kiyoyozi. Joto linapanda, wafungwa wanagoma kurudi, wanafungiwa siku nzima, na wakifungiwa hivyo hesabu hakuna. Amepata siku yake. Ila joto lile lile linazaa vurugu, milango inavunjwa, askari anakamatwa, daktari anabaki ndani peke yake. Alichokipanga kimemgeukia. Hapo tulinyamaza wote. Anayejua joto la bweni lililojaa Februari hawezi kucheka pale.

Zuhura: Episodi ya sita na ya saba hizo. Za kuangalia mara tatu.

Baba Mkubwa: Na yule mkuu wa zamu, Bellick. Wenzangu walisema wametutukana. Mimi nikasema hapana, mtu wa namna ile yuko kwenye kila kazi yenye funguo.

Kaka Idi: Halafu msimu wa tatu naye anakuwa mfungwa Panama, kwenye gereza la Sona, hana hata suruali.

Baba Mkubwa: Ndiyo sababu msimu wa tatu naupenda, mseme mnavyosema.

Kaka Idi: Baba Mkubwa, mimi lile gereza lenyewe nimeingia. Liko Joliet, si mbali na Chicago. Lilifunguliwa 1858, likafungwa 2002, wakaja hawa kupigia picha sehemu kubwa ya msimu wa kwanza. Siku hizi unakata tiketi, unatembezwa. Kuta za mawe ya chokaa, zimeota majani. Kilichonishangaza ni vyumba, ukinyoosha mikono unagusa pande zote mbili. Kwenye TV vinaonekana vikubwa.

Baba Mkubwa: Na humo walikuwa wanalala wawili?

Kaka Idi: Wawili.

Baba Mkubwa: Wana nafasi.

Shangazi: Mimi nataka kusema la kisukari.

Mama Nuru: Haya. Hili nimelisikia mpaka nimelikariri.

Shangazi: Kimya. Kijana anajifanya ana kisukari ili aende zahanati kila siku. Sawa. Wanamchoma insulini. Jamani, mtu mzima ukimchoma insulini sukari yake inashuka, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, maneno yanapotea, na akichelewa kupewa kitu kitamu anazimia. Nimeshuhudia wodini. Nikasema hawa wamebugi. Kumbe wamefikiria! Anameza dawa fulani ya magendo ili insulini isimfanyie kazi vizuri. Na yule daktari si mjinga, anashuku, anamwambia leo nakupima kidoleni. Dawa hana. Anayeuza hataki kumpa. Sasa unakaa pale unangoja tone la damu kwenye kipimo kama unangoja matokeo ya mtihani wa mwanao.

Zuhura: Mimi pale sikuogopa hata. Niliona kawaida.

Shangazi: Kwa sababu hujawahi kushika kipimo.

Mama Nuru: Mama, lakini huyo huyo daktari unamsema vibaya.

Shangazi: Namsema. Ukiwa na funguo za zahanati ya gereza huachi mlango wazi kwa sababu mtu ana macho ya samawati.

Mama Nuru: Ndugu yake Michael angeuawa kwa kosa si lake!

Shangazi: Daktari aende kwa baba yake basi, si gavana?

Kaka Idi: Alikwenda Shangazi. Baba alikataa.

Shangazi: Najua alikataa. Nimeangalia. Bado namsema.

Mjomba: Sasa dada nikupe ushauri wa mtu aliyekula kwa tamthilia miaka mingi. Ishia msimu wa pili. Daftari langu la kukodisha lilikuwa linasema hivi: wa kwanza haukai rafuni, wa pili unatoka vizuri, wa tatu watu wanauliza "mzuri huo?", wa nne unabaki na vumbi.

Zuhura: Mjomba hapana! Wa nne ndo wanakuwa timu moja, na Mahone yumo. Mahone bila wa nne humjui.

Mjomba: Mahone nampa heshima yake. Mpelelezi anayemeza vidonge vyake kwenye kalamu, anawaza kama Michael, anaona alichokiona Michael. Msimu wa pili ule ni wake. Lakini ule wa nne, wanatafuta kile kidubwasha, sijui Scylla, kadi sita, kampuni ya siri juu ya kampuni ya siri, marehemu anarudi. Gerezani kila mtu ulijua anataka nini: kutoka. Ukuta ule pale, tarehe ya kuuawa ile pale. Huku nje mtu anakimbia na hujui anakimbilia wapi. Mimi moyo hauendi mbio kwa ajili ya kadi.

Kaka Idi: Wa tatu uwaonee huruma. Novemba 2007 waandishi wa Hollywood waligoma, wakaishia episodi 13. Wa kwanza na wa pili zilikuwa 22 kila mmoja.

Baba Mkubwa: Kumi na tatu zilitosha. Sona haina askari ndani, wafungwa wanajitawala, maji yenyewe ni vita. Hiyo ndiyo inayotisha mtu wa magereza.

Mama Nuru: Binamu, kuna kasha jembamba peke yake humu kwenye begi. Limeandikwa The Final Break. Tuliweke wapi?

Kaka Idi: Mwisho wa yote, baada ya wa nne. Hiyo huku ilitoka kwenye DVD, 2009, haikupita kwenye TV kwanza. Kwenye wa nne wanakuonyesha kaburi tu, basi. Hii ndiyo inakueleza amefia wapi. Sara, yule daktari, anafungwa jela ya wanawake, ana mimba, nje kuna watu wametoa pesa auawe. Michael anaingia kumtoa. Mlango wa mwisho haufunguki mpaka mtu aunganishe umeme kwa mikono yake.

Shangazi: Ee Mola. Naye anajua?

Kaka Idi: Anajua. Na alikuwa mgonjwa wa kichwa, anatokwa damu puani.

Shangazi: Hiyo nitaiangalia mchana.

Mjomba: Hapo ndipo kibandani palitokea ugomvi. Watu walirudisha CD wanasema umetuuzia feki, steringi hafi! Ingekuwa ya Kihindi wangevunja kioo. Mimi nikawatetea: kaacha kaka, kaacha mke, kaacha mtoto, kamaliza kazi. Ukifa hivyo umekufa vizuri. Halafu 2017 wakanivunja nguvu, eti yuko Yemen kwenye jela nyingine, ana jina jingine, ndevu

Zuhura: MJOMBA

Kaka Idi: Mjomba...

*Mjomba amefuta ujumbe*

Mama Nuru: Mama ameshavaa miwani.

Shangazi: Yuko Yemen NANI?

Zuhura: Na mimi ndo nilitukanwa hapa asubuhi 😭😂

Shangazi: Nuru aliniambia anakufa. Hakuniambia anafufuka! Mimi nimeshampangia kijana wa watu kilio, nimemzoea kama marehemu, namwangalia hata akicheka namwonea huruma. Sasa mnaniambia yuko Yemen na ndevu?

Mjomba: Dada nisamehe. Ulisema mwisho unaujua.

Shangazi: Nuru aje hapa.

Mama Nuru: Nuru anasema yeye aliulizwa kama anakufa, akajibu. Hakuulizwa zaidi.

Baba Mkubwa: Huyo mtoto apelekwe kusoma sheria.

Kaka Idi: Shangazi, wa tano ni episodi tisa tu. Nikutumie?

Shangazi: Usinitumie. Nitaangalia wa pili, wa tatu, wa nne, na hilo kasha jembamba. Nitamlilia, nitamaliza. Huyo wa Yemen simjui.

Zuhura: Shangazi jamani, unakosa! T-Bag anapata mkono mpya!

Shangazi: Ndiyo kabisa sitaki.

Baba Mkubwa: Hiyo CD ya viyoyozi mkishamaliza nayo niwekeeni kwenye basi la Korogwe. Nataka kuiangalia tena niwahesabu mwenyewe.

Mama Nuru: Sawa Baba Mkubwa, Ijumaa. Ila deki unayo inayosoma namba 1?

Baba Mkubwa: Sina.

Mama Nuru: Hii si yetu, na jirani yuko mlangoni sasa hivi. Ameleta karanga.