Kumrekodi bibi akisimulia maisha yake: maswali yapi yanamfungua mtu?

Mjukuu wa Pili
Wakuu, naomba msaada. Nataka kumrekodi bibi, ana miaka 84, asimulie maisha yake na yale anayoyaona yalikuwa na maana. Nikimuuliza "Maisha yamekufundisha nini?" hujibu "Mengi tu, mjukuu wangu," basi. Kifaa nilicho nacho ni simu. Nianzie wapi?

Mtunza Kumbukumbu
Tatizo ni swali, bibi hana kosa. Unamtaka apekue miaka 84, achague, kisha afupishe, yote kwa pumzi moja. Kumbukumbu hujishika kwenye mahali, vitu, sauti na harufu. Muulize mlango wa nyumba aliyokulia ulitazama wapi, nani alilala chumba kipi, alinunua nini kwa hela yake ya kwanza. Anzia umri wa miaka 10 hadi 30: wazee wengi hukumbuka kipindi hicho kuliko vingine, na sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba kimejaa mambo ya mara ya kwanza.

Mpe picha ya zamani aishike mkononi. Usimuulize "Huyu ni nani?", hapo umegeuza mazungumzo kuwa mtihani. Uliza nani hayumo pichani na alipaswa kuwemo.

Akinyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi 10. Wengi huharibu hapa: kwenye sekunde ya tatu wanarusha swali jipya, na lile lililokuwa linapanda kooni linarudi chini. Akikosea mwaka, usimsahihishe. Utaandika pembeni baadaye.

Maswali ya maana yaje mwishoni, yashikane na alichokwisha kusema: "Ulisema uliacha kushona. Siku zile mikono yako ilifanya nini badala yake?"

Fundi Sauti
Simu inatosha. Chagua chumba kidogo chenye mapazia na kitanda, kwani kuta tupu huleta mwangwi na mwangwi hauondoki kirahisi. Zima feni na friji (weka funguo zako ndani ya friji, hutaondoka bila kuiwasha tena). Simu iwe katika hali ya ndege, juu ya taulo lililokunjwa, maana meza hupitisha kila mgongano. Iwe sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni mwake, upande kidogo, ili pumzi isipige maikrofoni moja kwa moja.

Kwenye mipangilio ya programu ya kurekodi chagua WAV (faili ya sauti isiyobanwa), 48 kHz, biti 16, mono (mkondo mmoja wa sauti): saa moja ni kama MB 345. Kilele cha sauti kibaki karibu na -12 dB kwenye kipimo cha programu hiyo, ambapo 0 ndiyo mwisho. Sauti ndogo inaweza kupandishwa, lakini iliyopasuka ndiyo imeharibika. Jaribu dakika moja, sikiliza kwa hedifoni, kisha ndiyo uanze. Na ule mwitikio wetu wa "ehee, ehee" utafunika maneno yake. Itikia kwa kichwa na macho.

Nuru ya Jioni
Naongeza la utu. Mwaka 1963 daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba mzee kuyapitia upya maisha yake ni jambo la kawaida, si dalili ya akili kuchoka. Huweza kuleta utulivu, na huweza kuamsha majuto pia. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, mwambie nani watasikiliza, na kwamba akisema "zima" unazima. Dakika 45 zinatosha kwa siku, saa ambayo hajachoka.

Akilia, usikimbilie kubadili mada. Uliza, "Tuendelee au tupumzike?" Funga kwa swali jepesi. Ukishazima usiinuke haraka, kwani mengi mazito husemwa hapo. Omba ruhusa kabla ya kuwasha tena.

Mjukuu wa Pili
Asanteni sana. Nikishamaliza, niandike yote?

Mtunza Kumbukumbu
Siku hiyohiyo weka nakala tatu, moja nje ya nyumba, na jina la faili lianze na mwaka, mwezi na siku. Kuandika saa moja neno kwa neno hula saa nne au zaidi, hivyo anza na orodha: kila dakika tano, mstari mmoja wa kilichosemwa. Ukiandika, usinyooshe lugha yake. Akirudia neno mara tatu, liandike mara tatu. Kisha msomee, akate anachotaka kukata.