Watengeneza templeti za PowerPoint, acheni kufuta kisanduku cha namba za slaidi!

Wakuu, uzi huu ni wa malalamiko na sitapunguza ukali.

Kila taasisi siku hizi ina templeti yake ya PowerPoint: nembo juu, ukanda wa rangi chini, na agizo kwamba slaidi zote ziwe na namba. Haya, ifungue. Nenda Insert, bonyeza Slide Number, weka tiki, bonyeza Apply to All. Kimya! Namba hamna, onyo hamna, dirisha linajifunga kana kwamba kazi imekamilika. Mtu anarudia weee, mwisho anachora kisanduku cha maandishi na kuandika 1, 2, 3 kwa mkono slaidi moja moja. Akihamisha slaidi moja tu, mpangilio wote wa namba umevurugika. Halafu anaambiwa hajui kompyuta.

Kosa si lake. Kosa ni la aliyefuta kile kisanduku chenye alama ya <#> kwa sababu kilimharibia urembo. PowerPoint haibuni mahali pa kuweka namba, inajaza nafasi iliyoandaliwa kwenye mpangilio (layout) wa slaidi husika. Nafasi ikifutwa, tiki yako haina kazi. Na Microsoft nao wangeshindwa nini kuweka ujumbe wa mstari mmoja kusema kisanduku hakipo?

Dawa iko hivi. View, kisha Slide Master. Upande wa kushoto panda hadi slaidi kubwa ya juu kabisa, bonyeza Master Layout, weka tiki kwenye Slide number, OK. Wengi wanaishia hapo na ndiyo maana wanakwama: kukirudisha kisanduku kwenye slaidi kuu hakukirudishi kwenye mipangilio iliyo chini yake. Bofya kila mpangilio unaoutumia (templeti ya kawaida ya Office ina 11) na uweke tiki kwenye Footers. Kama tiki ipo tayari na kisanduku hakionekani, itoe uirudishe. Close Master View, rudi Insert, Apply to All. Namba zitatokea.

Wapo wengine wanaofuta <#> na kuandika tarakimu ya kawaida ndani ya kisanduku, kisha wanashangaa kila slaidi inasoma 1. Weka kishale ndani ya kisanduku hicho ukiwa kwenye Slide Master, bonyeza Insert, Slide Number, alama itarudi. Ukitaka neno “Slaidi” mbele yake liandike, ila alama usiiguse. Na tafadhali, namba nyeupe kwenye mandhari nyeupe ni sawa na hakuna namba!

Ukurasa wa jalada nao ni kero. “Don't show on title slide” haiangalii slaidi ya kwanza, inaangalia mpangilio wa Title Slide. Ukitengeneza jalada kwa Blank, namba itabaki palepale nembo ikiwa juu yake. Anayetaka slaidi ya pili isome 1 aende Design, Slide Size, Custom Slide Size, kwenye Number slides from aweke 0.

Ninyi wakubwa mnaodai “5/30”: PowerPoint ipo tangu 1987 na mpaka leo haina sehemu ya kujaza jumla ya slaidi yenyewe. LibreOffice Impress, programu nyingine ya slaidi, inayo, kwenye Insert, Field. Hiyo 30 mnayolazimisha watu waandike kwa mkono inakuwa uongo slaidi moja ikiongezwa. Slaidi zilizofichwa nazo zinahesabiwa, kwa hiyo namba ikiruka kutoka 4 hadi 6 ukumbini msimgombeze mtoa mada.

Mtengeneza templeti, kabla hujaisambaza ofisi nzima, ongeza slaidi moja kwa kila mpangilio, bonyeza Apply to All, pitia zote. Ukikuta hata mmoja hauna namba, rudi Slide Master ukamalize kazi yako.