Wanapiga picha mizoga ya mbwa na paka wetu, kisha wanaiita habari ya uchunguzi

Wanajamvi, salaam. Wiki iliyopita kituo kimoja cha televisheni, ambacho sitakitaja hapa, kilirusha katika taarifa ya habari ya saa mbili usiku kipande cha dakika sita ambacho kilikuwa kimepigiwa debe siku tano mfululizo kuwa ni uchunguzi maalumu kuhusu mateso ya mbwa na paka jijini Dar es Salaam. Mtaa ulioonyeshwa ni wangu, na mbwa wa pili kuonekana, yule aliyelala ubavu kando ya mtaro akiwa na mkanda mwekundu shingoni, alikuwa wangu.

Jina lake lilikuwa Simba, kama mbwa wengine elfu moja wa nchi hii. Alfajiri ile, kabla ya adhana, nilisikia anabweka kwa sauti ambayo sikuizoea, nikatoka na tochi nikamkuta mtaroni miguu yote minne imekakamaa na shingo imepinda kwa nyuma, na kila bodaboda ilipopita barabarani mwili mzima ulishtuka upya kana kwamba amepigwa fimbo. Hatua tatu kutoka pale kulikuwa na vipande vya nyama vilivyofungwa katika karatasi ya gazeti. Daktari wa mifugo aliyefika asubuhi alinieleza kwamba kukakamaa kwa namna ile, hasa ule mshtuko wa kila sauti, ni dalili za strikinini, na kwamba mnyama aliyelishwa sumu hiyo hufa kwa kushindwa kupumua huku fahamu zake zikiwa timamu mpaka mwisho. Jirani yangu alipoteza paka wawili siku hiyohiyo. Mmoja alikuwa ananyonyesha.

Mwandishi alifika saa nne akiwa na mpiga picha. Aliniuliza maswali mawili tu, nayo nayakumbuka neno kwa neno: "Unajisikiaje?" na "Mbwa wako alikuwa mkali?" Nilimwonyesha kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, yenye mhuri na tarehe, akaitazama kama mtu anayetazama risiti ya duka asilolijua. Majirani wawili walimwambia kwamba saa tisa usiku waliliona gari lisilo na maandishi likipita taratibu huku mtu akitupa vitu kutoka nyuma, na mmoja wao alikuwa amekariri tarakimu za namba ya gari hilo. Mwandishi hakuziandika. Alimwomba mpiga picha asogee karibu na mdomo wa mbwa, ili povu lionekane vizuri.

Hilo ndilo lalamiko langu, na naomba lisigeuzwe kuwa jingine. Sisemi kwamba vyombo vyetu vinawapuuza wanyama. Ingekuwa afadhali vingewapuuza. Vinawatumia. Picha ya mbwa anayetapatapa inaleta watazamaji, na ikishawaleta kazi imekwisha, wala hakuna anayerudi kuuliza kama lilikuwa zoezi la halmashauri la kuua mbwa koko, sumu ilitoka ghala gani, nani alisaini kuitoa, ililipiwa kwa fungu lipi, na kwa nini mtaa haukutangaziwa kwamba mbwa wafungwe. Jina la sumu lenyewe halikutajwa hata mara moja katika dakika zote sita.

Kwa anayedhani ninadai makubwa, nitatoa mfano wa zamani kidogo. Mwaka 1965 huko Pennsylvania, Marekani, mbwa mmoja wa aina ya Dalmatian aitwaye Pepper alitoweka nyumbani kwao. Wenyewe walimtambua katika picha ya gazeti iliyoonyesha mbwa wakishushwa kutoka kwenye lori lililokuwa limekamatwa kwa kujaza wanyama kupita kiasi, wakaifuata njia ya lile lori hadi jimbo la New York, na kufikia hapo mbwa alikuwa amekwisha kuuzwa kwa hospitali moja ya Bronx na kufia kwenye meza ya majaribio. Jarida la Sports Illustrated liliifuatilia safari hiyo yote, kutoka mkono hadi mkono, na kuichapisha Novemba ya mwaka huo. Februari 1966 jarida la Life likachapisha picha kutoka kwa mfanyabiashara wa mbwa huko Maryland, nazo zilitisha kweli, lakini ziliambatana na maelezo ya biashara yenyewe: nani anakusanya, nani anauza, nani ananunua. Tarehe 24 Agosti 1966 Rais Lyndon Johnson alisaini sheria iliyowalazimu wafanyabiashara wa mbwa na paka wa maabara kuwa na leseni na kutunza kumbukumbu. Umbali kati ya makala ile ya Novemba na sheria ulikuwa miezi tisa, na kilichosaidia kuuvusha mpaka huko ni maelezo ya biashara yenyewe, wala si povu la mbwa peke yake.

Hapa jirani, Nakuru, mwaka 2018 mtu mmoja alifungwa miaka mitatu baada ya kunaswa akichuna paka ambao nyama yao ilikuwa ikiuzwa kwa wauza sambusa. Habari ile ilienea Afrika Mashariki nzima, na sote tulicheka kwa kichefuchefu na kuapa kutokula tena sambusa za barabarani. Hata hivyo, taarifa nyingi nilizozisoma wakati ule ziliishia kwa mchinjaji na tumbo la mlaji. Paka mwenyewe alikuwa kichekesho.

Najua watakuja watu humu kuniambia kwamba mbwa koko wanaua, kwamba watoto wanang'atwa, kwamba halmashauri haina budi. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kutisha na sina ubishi juu ya hilo. Mtu akishaanza kuonyesha dalili ni vigumu mno kupona. Ndiyo maana namlaumu mwandishi maradufu, kwa sababu simu moja kwa mtaalamu yeyote wa mifugo ingemfahamisha kwamba Shirika la Afya Duniani linasisitiza kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, na halishauri kuwaua kiholela, kwa kuwa sumu humuua aliyechanjwa sawasawa na asiyechanjwa, na nafasi yake hujazwa upesi na mbwa wageni wasio na kinga. Kisiwani Pemba ugonjwa huu ulikomeshwa kwa kampeni za chanjo, ukaingia tena, ukakomeshwa tena kwa chanjo. Simba wangu alikuwa sehemu ya ile asilimia 70. Aliyemuua ameipunguza kinga ya watoto wa mtaa wake mwenyewe, na hiyo ndiyo habari iliyokuwa imelala pale mtaroni ikisubiri mtu wa kuiokota.

Kwa wale watakaosema "ni mbwa tu, tena najisi", nitawakumbusha tu hadithi mbili ambazo hata mtoto wa madrasa anazijua: ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa kwa njaa, na ya yule aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Tuendelee.

Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya mwaka 2008, inayoufanya ukatili kwa wanyama kuwa kosa. Katika dakika zile sita haikutajwa. Nilimwandikia mwandishi kumuuliza sababu, akanijibu kwa ujumbe mfupi: "Mkuu, una video nyingine?"

Sina. Nina kadi ya chanjo, maelezo ya daktari yaliyosainiwa, karatasi ya gazeti iliyofungiwa nyama ambayo nimeihifadhi ndani ya mifuko miwili ya plastiki, na tarakimu za namba ya gari ambazo jirani ameniandikia kwa mkono wake. Jumatatu napeleka barua ofisi ya kata kuomba kujua kama kulikuwa na zoezi lolote lililoidhinishwa usiku ule, na nitabaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Mwenye mnyama aliyekufa alfajiri ileile katika mitaa ya jirani aandike hapa chini saa, mahali na dalili alizoziona, bila kuweka picha. Na kama humu yumo mwandishi anayejua kusoma leja ya ghala, aniandikie faraghani.