Nahama Ilomba, mwenye nyumba hataki kunirudishia dhamana. Nifanyeje kabla sijakabidhi funguo?

Mama Junia
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, hasa nyie wa Mbeya mliowahi kupitia hili.

Nimepanga Ilomba tangu Julai 2023, vyumba viwili na sebule, LUKU ya kwangu peke yangu. Kodi 120,000 kwa mwezi, nalipa miezi sita sita. Wakati naingia, mzee mwenye nyumba alidai mwezi mmoja wa ziada, akasema ni dhamana ya uharibifu na nitarudishiwa nikitoka. Kwenye mkataba haikuandikwa. Ila nilimtumia kwa simu, na ujumbe wa muamala ninao mpaka leo.

Sasa nimepata kazi Tunduma na kodi yangu inaisha tarehe 30 Juni. Taarifa nilimpa mapema, mwezi na nusu kabla. Juzi kaja kukagua, akasema hela yote inaishia kwenye rangi: ukuta wa chumbani una ukungu na dari ya sebule imekuwa nyeusi.

Ya dari ni kweli, siwezi kukataa. Baridi ya hapa mwezi wa sita na wa saba mnaijua, jioni nilikuwa naingiza jiko la mkaa ndani watoto wapate joto. Lakini ukungu unatokana na bati linalovuja. Nilimwambia tangu mvua za mwaka jana, fundi hakuja. Na hiyo hela ndiyo nauli ya kusafirishia vyombo. Tumeishi naye vizuri miaka miwili, ndiyo maana inaniuma.

Kijana wa Sae
Usihangaike dada. Kaa Julai yote, dhamana iishie humo, ndipo umpe funguo.

Mama Junia
Tarehe 1 natakiwa kuripoti kazini, mdogo wangu. Nyumba ikae na nani?

Mwenye Vyumba Uyole
Mimi ni mwenye nyumba, nina wapangaji wanne. Dada, huo ukungu usikubali hata kidogo. Bati ni la mwenye nyumba. Rangi iliyofifia kwa miaka miwili nayo ni uchakavu wa kawaida, mtu hulipishwa alichoharibu. Dari lipia, ni moshi wako. Ila usimwachie yeye apange bei. Tafuta fundi rangi wa mtaani, apime dari ya sebule tu, akuandikie gharama ya rangi na ya ufundi. Wazee wengi wanataja bei ya nyumba nzima kwa sababu hakuna aliyewawekea hesabu mezani.

Halafu siku ya kukabidhi piga picha kila chumba, vitasa, vioo, sinki, na bili ya maji iliyolipwa. Mwiteni mjumbe wa serikali ya mtaa ashuhudie. Funguo zitoke mkononi mwako baada ya kuandikishana.

Karani Mstaafu
Naongezea upande wa sheria. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa 2005, kwa hiyo watu hudhani mpangaji hana pa kushika. Anapo. Sheria ya Ardhi ya 1999 ina sehemu ya upangaji, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo. Ujumbe wa muamala ni ushahidi mzuri, usiufute, na ukibadilisha simu uhamishe. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita, kwa hiyo kuhamia Tunduma hakukunyimi haki.

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa. Baraza la kata tangu 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Lakini kwa wazee wetu wa huku, kukaa mbele ya watu wanaoheshimiana nao mara nyingi kunatosha.

Bibi Tukuyu
Mwanangu, hela itapatikana. Hilo jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa usirudie huko uendako. Hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini.

Mama Junia
Nimesikia bibi, nashukuru sana. Sitarudia.

Fundi Umeme Mwanjelwa
Kuna jambo hamjaligusa. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, na tangu Julai 2023 ni 1,500 kila mwezi. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, umeilipa wewe miezi 24. Ni 36,000. Kama hamkukubaliana kwamba utaibeba, iweke kwenye hesabu.

Mama Junia
Wakuu, narudi na mrejesho. Jana jioni tumekaa, mimi, mzee, mkewe na mjumbe. Fundi aliandika 45,000 kwa dari. Bati mzee alipanda mwenyewe akaona tundu, suala la ukungu likaishia hapo. Nilipotaja 36,000 za LUKU alinyamaza kidogo, akaomba nimwoneshe ujumbe wa manunuzi ya umeme. Nikamwonesha. Akasema basi zikatane, nitakachorudishiwa ni 111,000.

Amenipa 80,000 taslimu. 31,000 zilizobaki atatuma tarehe 15 Julai, mjumbe kaandika na sote tumesaini nakala mbili. Funguo nimekabidhi palepale. Mkewe kanifungia debe la viazi nipeleke Tunduma.